Filamu ya mapenzi isiyogusa: kutafuta kosa kwenye meza ya uhariri

Mwaka jana kijana mmoja alipanda ngazi hadi chumba changu cha uhariri, Ngara, akiwa na filamu ya dakika 18 kwenye diski. Zawadi ni fundi wa nguo Kawangware. Kioko ni makanga wa matatu za namba 46. Wanapendana, kisha Zawadi anapata kazi Doha, na Kioko ndiye anayempandisha gari la kwenda uwanja wa ndege. Kijana alikuwa ameionyesha kwa watu kama kumi nyumbani kwao Umoja, na wote walimwambia neno moja: "Iko sawa."

Mtu aliyeguswa na filamu ya mapenzi hasemi iko sawa. Ananyamaza, au anaanza kukuhadithia mambo yake mwenyewe. Kwa hiyo tulijua kosa lipo, ila hatukujua liko wapi, maana waigizaji walikuwa hodari, picha safi, na hadithi inaeleweka. Tulikaa nayo siku nne. Tuliyoyakuta ni yale yale ninayoyakuta katika filamu nyingi za mapenzi zinazoletwa kwangu, na karibu yote yana mzizi mmoja: mhariri amekata akifuata maneno. Mapenzi hayakai kwenye maneno. Hukaa kwenye uso wa anayesikiliza, katika ule muda mfupi ambapo ameshasikia na bado hajajibu.

Nimezipanga dalili kwa maneno ya watazamaji wenyewe, kwa sababu ndivyo zitakavyokufikia.

## Kabla hujagusa chochote

Usikate upya kwa sababu tu mtu amesema inachosha. Mtazamaji anajua kwamba anaumwa, lakini mara nyingi anashika mahali pengine. Anayelalamikia mwisho huenda alipotea dakika ya tatu. Tafuta watu watatu ambao hawajaiona filamu, kaa pembeni yao, na uwatazame wao badala ya skrini. Andika dakika na sekunde ambapo mtu amegeuka, amegusa simu, amejikohoza. Kisha itazame peke yako mara moja bila sauti, na mara nyingine uisikilize ukiwa umeipa skrini mgongo. Bila sauti utaona nani anamtazama nani na kwa muda gani. Bila picha utasikia mahali pumzi inapokatwa.

Hifadhi nakala ya mkato wa zamani, umpigie simu mwongozaji umwambie unachotaka kujaribu, ndipo uanze.

## "Waigizaji ni wazuri, lakini hawapendani"

Hii ndiyo dalili kubwa, na ndiyo inayosingiziwa waigizaji bila haki.

Katika filamu ya kijana yule, Zawadi anampa Kioko habari akiwa kwenye cherehani: "Wamenipigia. Naondoka tarehe nane." Neno "nane" linapoisha, picha inaruka kwa Kioko, naye tayari amefungua kinywa: "Nane ya mwezi huu?" Tunaruka tena kwa Zawadi: "Ya mwezi huu." Kila anayesema ndiye anayeonekana, na kila anayemaliza anaondolewa. Shingo za watazamaji zinageuka kushoto na kulia kama kwenye mpira wa meza. Habari zote tunazipata. Hatuoni hata mara moja habari hizo zikimfikia mtu.

Yapata 1920, mwongozaji wa Kirusi Lev Kuleshov aliunganisha uso ule ule wa mwigizaji na picha tofauti: sahani ya supu, jeneza, mwanamke. Jaribio hilo linakumbukwa hadi leo kwa sababu watazamaji walisoma hisia tofauti kwenye uso usiobadilika. Funzo lake kwa filamu ya mapenzi ni la moja kwa moja. Mtazamaji yuko tayari kufanya kazi ya kuhisi, mradi umpe uso na umpe muda wa kuujaza. Ukimnyima muda, uso unabaki kuwa uso tu.

Tiba yake ni kutenganisha mkato wa picha na mkato wa sauti. Tuliiacha sauti ya Zawadi iendelee, lakini picha tukaihamishia kwa Kioko kwenye neno "wamenipigia". Sasa "tarehe nane" inatamkwa huku tunamwona yeye, na unaiona tarehe ikitua machoni pake. Tukamwacha fremu 20 (fremu ni picha moja kati ya zile zinazopita kila sekunde) baada ya neno la mwisho. Halafu swali lake, "Nane ya mwezi huu?", tukalisikia tukiwa kwa Zawadi, ambaye ameinamisha kichwa na kuendelea kuuvuta uzi ambao haukuhitaji kuvutwa. Maneno ni yale yale. Kijana alikaa kimya, kisha akasema, "Mwalimu, kumbe alikuwa anaigiza."

Huenda utasema hukupiga picha za kusikiliza. Tafuta tena. Zimo kwenye sekunde ambazo mwongozaji bado hajasema "anza" na zile zinazofuata "kata", mwigizaji anapokuwa amezama katika hali yake na hana cha kufanya. Usizifute kamwe sekunde hizo unapopanga klipu zako. Mimi huzitazama kwanza, kabla ya mazungumzo yenyewe.

Swali linalofuata huwa: fremu ngapi? Kwa mwendo wa fremu 25 kwa sekunde, ambao ndio wa runinga zetu, fremu 12 ni karibu nusu sekunde, na nusu sekunde inatosha kumgeuza mtu kutoka aliyekubali haraka hadi aliyesita. Hakuna jedwali la jambo hili. Kuna njia ya kupima, ambayo Walter Murch, mhariri wa Kimarekani, ameieleza: cheza klipu kwa mwendo wake wa kawaida, ubonyeze pale mwili wako unapotaka mkato, kisha urudie bila kuangalia ulipobonyeza mwanzo. Ukiangukia mahali pale pale mara kwa mara, mkato uko hapo. Vidole vikitawanyika, bado hujaielewa sini, yaani tukio lenyewe, na kuongeza au kupunguza fremu hakutakusaidia.

Tazama kope pia. Mara nyingi mtu hupepesa macho wazo linapomwishia. Ukikata katikati ya kupepesa, mtazamaji anahisi mlango umefungwa kwa kishindo hata kama hajui kwa nini.

## "Kikombe kilikuwa mkono wa kushoto"

Hii inasemwa na wahariri wenzako. Watazamaji hawaisemi, na ndiyo maana nitaipitia haraka. Mtazamo mzuri kuliko yote wa Zawadi ulikuwa umeachwa nje kwa sababu kikombe hakikulingana na shoti, yaani kipande cha picha kisichokatwa, iliyotangulia. Murch, akipanga vigezo vya mkato mzuri, aliipa hisia asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, na vitu kama mpangilio wa mahali vikapata kilichobaki. Alichagua 51 ili hisia ishinde hata vingine vyote vikiungana dhidi yake. Rudisha mtazamo ule. Aliyeshikwa na macho ya Zawadi hana habari ya kikombe.

## "Hii ni ndoto, au?"

Watu wanachanganyikiwa: wakati umepita? Anakumbuka? Anawaza? Fungua mradi uhesabu miunganisho iliyopambwa. Kwa kijana yule kulikuwa na 31 katika dakika 18: picha zinazofifia moja ndani ya nyingine, mwanga mweupe unaolipuka, na mahali pamoja hata moyo uliokua hadi kujaza skrini, kutoka kwenye programu ya simu.

Najua tabia hii inatoka wapi, na naisema kwa heshima kwa sababu nami nilianzia huko. Wengi wetu Nairobi tulijifunza kazi kwenye video za harusi. Jumamosi unapiga picha kanisani, Jumatatu unakata, na kila kitu unakififisha, unakitia mwendo wa pole na kukifunika kwa wimbo. Kwenye harusi njia hiyo inafaa kabisa, maana wanaotazama ni mama, shangazi na marafiki, watu ambao tayari wanawapenda maharusi. Unachowapa ni kumbukumbu. Filamu inaonyeshwa kwa wageni ambao bado hawajampenda mtu yeyote. Ukimpa mgeni kumbukumbu ya jambo ambalo hajaliishi, anaona mapambo.

Kila muunganiko una lugha yake. Mkato mkavu unasema: na sasa hivi. Picha ikififia polepole ndani ya nyingine inasema muda umepita, au viwili hivi ni kitu kimoja moyoni mwa mtu. Skrini ikizimika hadi giza inasema jambo limekwisha, vuta pumzi. Ukitumia lugha ya muda kupita katikati ya mazungumzo ya watu wawili kwenye benchi la Jeevanjee, mtazamaji atadhani wamekaa hapo hadi jioni.

Ondoa yote. Namaanisha yote, chagua na ufute, kisha itazame filamu ikiwa na mikato mikavu pekee. Itauma. Sehemu zitakazokukwaruza zigawe mafungu mawili: zile ambazo kweli muda umepita, na zile ambazo mkato wenyewe ni mbovu na ulikuwa umefunikwa shuka. Za kwanza zirudishie muunganiko. Za pili tafutia shoti nyingine. Kwa filamu ile, kati ya 31 zilirudi mbili.

Historia ya kazi yetu ina mfano mzuri. Katika Lawrence of Arabia ya 1962, picha ya kiberiti kinachopulizwa ilipangwa ififie hadi jangwani jua likichomoza. Siku zile ufifishaji ulifanywa baadaye maabara, kwa hiyo chumbani vipande viwili vilikuwa vimegusanishwa tu. Mhariri Anne V. Coates na mwongozaji David Lean waliviona hivyo, vikavu, wakaviacha. Pumzi inazima moto na jangwa linawaka. Ufifishaji ungeinyonya nguvu hiyo yote.

## "Wamependana lini?"

Karibu kila filamu ya mapenzi ina kile kifungu cha wimbo: wanatembea Karura, wanakula mahindi choma, wanacheka kwenye matatu, mvua inanyesha, wanakimbia. Dakika moja na nusu, na tunatakiwa kuamini. Dalili ni mtazamaji kutoa simu wimbo unapoanza.

Chanzo mara nyingi ni kwamba picha zote zinasema kitu kimoja: wana furaha. Unaweza kuzipanga upya kwa mpangilio wowote na hakuna kinachoharibika. Hicho ndicho kipimo chenyewe. Badilisha shoti ya pili na ya saba. Kama kifungu bado kinaenda, hakiendi popote.

Tafuta kitu kimoja kinachorudi na kila kikirudi kimebadilika. Tulikuwa na kibanda cha chai kilichopigwa siku tatu tofauti. Siku ya kwanza Kioko anasimama mbali, kikombe chake mkononi. Siku ya pili wamekaa, mkoba wa Zawadi katikati yao. Siku ya tatu mkoba uko chini na andazi limekatwa vipande viwili. Shoti tatu hizo, zikitenganishwa na maisha yao ya kawaida, zilifanya kazi ambayo shoti 22 za kucheka hazikuifanya. Nyingi za zile 22 tulizitoa.

Pia acha kukata kwenye kila mdundo wa ngoma. Mkato ukiangukia mdundo mara nne mfululizo, sikio linajua wa tano utakuja lini, na moyo unaojua kinachokuja hautetemeki. Kata kabla kidogo, au acha shoti moja ipite midundo miwili. Na ikiwezekana, uzime wimbo katikati kwa sekunde tano, sauti halisi ya kibanda iingie, vijiko na redio ya jirani, kisha wimbo urudi. Sekunde hizo tano ndizo watu watakazozikumbuka.

## "Wamegusana mapema mno"

Filamu zetu nyingi hutazamwa sebuleni, mama akiwa kwenye kochi lile lile. Mguso wa vidole viwili juu ya noti ya nauli unaweza kuwa na uzito ambao busu refu halina, mradi uandaliwe.

Ukisikia malalamiko haya, rudi nyuma utazame ukubwa wa shoti. Kama umemwonyesha Zawadi uso mzima skrini tangu dakika ya kwanza akinunua nyanya, huna mahali pa kusogea zaidi siku ya kuguswa. Ukaribu ni akiba. Tulihamia shoti za mbali na za kiunoni katika dakika saba za mwanzo, na uso wake wa kwanza kujaza skrini ukawa pale Kioko anaporudisha chenji na vidole haviachani. Mikato inayotangulia tuliipunguzia kasi hatua kwa hatua: sekunde tatu, nne, sita. Anayetazama hahesabu, lakini pumzi yake inarefuka pamoja na shoti.

Njia nyingine ni kutenganisha nyakati. Coates, miaka 36 baada ya kile kiberiti, alihariri Out of Sight ya Steven Soderbergh. Wawili wanazungumza kwenye baa ya hoteli huku picha zikitangulia chumbani, zikirudi, zikisimama kwa kitambo kidogo kama picha za mnato. Maneno ni ya sasa, mguso ni wa baadaye, na hamu inakaa katika pengo lililo kati yao. Huhitaji hoteli kwa hilo. Sauti ya mazungumzo ya steji, kituo cha matatu, inaweza kulala juu ya picha ya Zawadi usiku, peke yake, akikunja nguo za mteja.

## "Inachosha"

Kabla ya kufupisha, uliza kama kitu chochote kinabadilika ndani ya shoti. Shoti ya sekunde 15 ambamo mtu anaamua jambo ni fupi. Shoti ya sekunde nne ambamo mtu ameshaamua tayari ni ndefu. Nimeona wahariri wakikata kila shoti katikati na filamu ikazidi kuchosha, maana sasa kulikuwa na mikato mingi isiyoleta habari mpya. Toa sini nzima kabla hujazinyonga zote. Na mwendo wa polepole mfululizo huchosha kama wa haraka mfululizo. Sini ya fujo ya steji asubuhi, ikikatwa kwa kasi, ndiyo inayoufanya utulivu wa jioni usikike.

## "Kuna kitu kinakwaruza"

Hapa huenda hisia haina kosa, kosa ni la mashine.

Mwendo wa pole unaruka-ruka: ulipiga kwa fremu 25 ukapunguza kasi nusu, kwa hiyo kila sekunde ina picha halisi 12 na nusu tu, na programu inarudia au inabuni zilizobaki. Piga kwa 50 ukitaka nusu ya kasi. Za simu zilizopigwa kwa 60 zishushe hadi karibu asilimia 42.

Mtu anayetembea anashtuka-shtuka: umechanganya klipu za fremu 30 na mradi wa 25, na fremu tano zinatupwa kila sekunde. Panga simu na kamera mwendo mmoja kabla ya siku ya kupiga.

Midomo inaachana na sauti kidogo kidogo: simu imerekodi kwa mwendo unaobadilika-badilika. Geuza klipu ziwe na mwendo thabiti kabla ya kuanza kukata.

Taa za dukani zinapepea: umeme wetu ni wa hezi 50, basi tumia shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/50 au 1/100 ya sekunde.

Na kuna sauti. Nairobi haina kimya. Kuna honi, kwarara juu ya paa, mwadhini, jenereta. Ukikata picha na sauti pamoja, honi inakufa katikati na mtazamaji anaamshwa kutoka usingizini. Siku ya kupiga, kila mahali, omba watu wanyamaze na urekodi sauti ya mahali hapo kwa dakika nzima. Itandike chini ya sini yote kama mkeka, mikato yako ikanyage juu yake. Mara nyingi nimeombwa kurekebisha mkato ambao picha yake haikuwa na kasoro yoyote.

## "Walipoagana sikulia"

Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyotuchukua siku ya nne nzima.

Steji, alfajiri, gari la namba 34. Zawadi yuko ndani, dirishani. Nairobi kila mtu anajua makanga akipiga bodi mara mbili gari linaondoka, na mwongozaji alikuwa ameandika vizuri sana: Kioko, ambaye hupiga bodi siku nzima, lazima apige na hii. Kwenye mkato wa kwanza anapiga mbili, gari linaondoka, tunamwona akilitazama kwa sekunde tisa, wimbo unapanda, skrini inafifia hadi giza kwa sekunde tatu. Kila kitu kinatuambia tulie, na kila kitu kinakuja baada ya jambo kuisha.

Nikaomba klipu nzima isiyokatwa. Mwigizaji alikuwa amepiga mara moja, akasita, kisha ndipo akapiga ya pili. Kati yake kulikuwa na fremu 75, sekunde tatu kamili. Kijana alikuwa amezikata akidhani mwigizaji amesahau.

Tulizirudisha zote. Tunaona kiganja cha Kioko kikipiga mara moja na kubaki kwenye bati. Tunakata kwa Zawadi ndani, ambaye amesikia ya kwanza na anaisubiri ya pili, macho yakiwa mbele kwenye kiti cha dereva. Hageuki. Ya pili inasikika tukiwa bado usoni pake, na dirisha linaanza kusogea. Kioko hatukumwonyesha tena. Mkato mkavu hadi giza, na mngurumo wa gari unaendelea gizani kwa sekunde nne.

Kijana aliuliza wimbo uingie wapi. Tuliuhamishia kwenye majina ya waliotengeneza filamu, baada ya mngurumo kuisha.